Ufunguo wa Bi Deolinda

Basi liliniteremsha mimi na gunia la chakula cha kuku,
likageuza, likaenda zake.
Fonte Ruiva: nyumba za chokaa zilizofungwa mkanda wa buluu,
watu thelathini na mmoja kwa hesabu ya Bi Deolinda,
"au thelathini, kama Anselmo leo hajaamka."

Saa nne gari la mkate likapiga honi mara tatu
na milango niliyodhani imekufa ikafunguka.
Nilipanga foleni nyuma ya vikongwe saba,
nikapewa mkate mzito kama tofali
na swali la kwanza la siku: mama yako anajua uko huku?

Yeye ndiye mshika ufunguo wa mambo ya kale.
Unaning'inia kwenye aproni, mrefu kama upawa,
nao humgonga gotini kila hatua, ko, ko,
hata mbwa wa jirani wakijua ni nani apitaye hawabweki.

Tulikata njia kwenye mialoni ya vizibo,
iliyochunwa magome toka chini hadi kwenye panda,
mekundu mashina yake kama watu walioshtukizwa wakioga.
Kila mti na tarakimu yake ya rangi nyeupe,
saba, tisa, nne: mwaka ulipovuliwa.
"Ukishavuliwa hauguswi mpaka ipite miaka tisa.
Huu wa nne
sitauona tena ukivuliwa." Akaupiga kofi la mgongoni
kama apigwavyo ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.

Kisha mawe.
Saba yamesimama, moja limechoka, limeegemea mwenzake,
na bapa la jiwe juu yao, tangu kabla ya chuma,
kabla ya mtu yeyote kuitwa Mreno.
Kaburi. La nani, hapana ajuaye.
Waliokuja baadaye wakalipaka chokaa, wakalitia mlango,
wakamweka ndani Bikira wa mbao asiyezidi kimo cha chupa.

"Igreja," akasema, akizungusha ufunguo.
Nami nikasikia gereza.
Neno hilo kwetu lilishuka na bunduki;
tulilitazama linavyofanya kazi
tukalipa maana iliyolifaa.
Sikumwambia. Alikuwa anamfuta Bikira vumbi la macho
kwa ncha ya leso,
na leso nayo, nikakumbuka, ni ya kwao.

Ndani mlikuwa na baridi ya mtungi.
Ukutani bamba la marumaru, majina manne,
vijana wa hapa waliopelekwa kupigana Msumbiji.
"Wangu alirudi. Custódio.
Alirudi na miguu yote miwili,
akachuna magome miaka arobaini, hakusimulia kitu.
Usingizini tu. Neno moja, lile lile.
Nilidhani ni jina la mwanamke. Nilimchukia mwanamke huyo."
Akalitamka taratibu, kama mtu ahamishaye yai
kutoka kiganja hiki kwenda kile:
maji.
"Wewe watoka pande zile. Ni nani?"

Kwa Kireno changu cha kuombea chumvi
nikamwambia.

Akaketi juu ya jiwe la wafu.
Kengele za kondoo zilipita nje, zikaisha.
"Alikuwa anaomba," akauliza, "au alikuwa anaombwa?"

Alifunga mlango, tukaenda hatua kumi,
akarudi kuujaribu kama umefungika.
Akarudi tena.

Jioni mezani aliweka mkate, zeituni,
kisu cha marehemu, kopo tupu.
Nilinyoosha mkono kwenye jagi, akalifunika kwa kiganja.
"Kwanza liseme wewe," akaniambia.
"Nataka kulisikia
kwa mtu aliye macho."